Kifaa Bora Ni Kile Kinachofunguka

Vifaa vidogo vya umeme vimeingia katika maisha ya wananchi kwa kasi isiyo na mfano. Trekta, pamoja na faida zake zote, halijafika katika vijiji vingi hata leo; lakini simu ya mkononi, taa ya sola, redio ya kuchaji, spika ya kubeba na michezo ya kompyuta vimevuka milima ya Umatengo na kuteremka mpaka ufukoni mwa Ziwa Nyasa katika muda wa kizazi kimoja tu. Katika maduka ya Mbinga mjini vifaa hivyo hupangwa karibu na sabuni na chumvi. Huko Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, mvuvi ambaye baba yake alikwenda ziwani na karabai sasa huenda na taa ya betri, na simu yake ameifunga ndani ya mfuko wa plastiki isilowe maji.

Juu ya vifaa hivi watu wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la wapenda vifaa, hasa vijana, ambao hupima ubora kwa upya: kioo kikubwa zaidi, kamera yenye macho mengi zaidi, mchezo wenye picha zinazofanana zaidi na maisha. Kundi la pili ni la wazazi na baadhi ya walimu, ambao huona vifaa hivyo, na hasa michezo, kuwa ni kupoteza wakati na fedha, na ambao dawa yao ni kupiga marufuku. Makundi haya yanapingana, lakini yamekosea mahali pamoja. Yote mawili yanakitazama kifaa kwa nje. Hakuna anayeuliza kilichomo ndani.

Maoni yanayotolewa hapa ni kwamba swali la kwanza juu ya kifaa chochote lisiwe "Je, ni kipya?" wala "Je, kinapoteza wakati?" bali liwe "Je, kinafunguka?" Kufunguka huku kuna maana tatu. Kwanza, kinafunguka kwa bisibisi: fundi wa kijijini anaweza kufika ndani, kubadili sehemu iliyokufa na kukifunga tena. Pili, kinafunguka kwa hesabu: mwenye nacho anaweza kujua kinakula nishati kiasi gani na kinamgharimu nini. Tatu, kinafunguka kwa akili: kanuni ya kazi yake inaweza kuelezwa na mwalimu na kufuatwa na mwanafunzi. Kifaa chenye sifa hizi tatu ni shule ndogo. Kisichokuwa nazo ni mzigo, hata kiwe kipya namna gani.

Mlango uliofungwa na mlango uliofunguliwa

Tanzania imekwisha kujaribu njia ya kufunga mlango. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta pamoja na vifaa vyake, na televisheni nazo zikazuiwa. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake tangu miaka hiyo ya 1970, lakini Tanzania Bara haikupata kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Marufuku hayo hayakuwa upuuzi. Fedha za kigeni zilikuwa chache, na ilikuwapo hofu ya haki kwamba nchi ingenunua mashine ambazo watu wake hawakuweza kuzitawala. Hata hivyo, mtu hajifunzi kuogelea kwa kukatazwa maji. Miaka ilipita, na mashine zilipokuja, ziliwakuta wengi bila matayarisho.

Katika miaka hiyohiyo kifaa kingine kilikaribishwa kwa mikono miwili, nacho ni redio ya transista. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" ilikusanya watu wazima nchini kote katika vikundi vya kusikiliza, kila kikundi kikiwa na redio yake, kitabu chake na kiongozi wake. Baada ya kipindi watu walijadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Redio hiyo ilifunguka kwa kila maana. Betri zake zilionekana na kuhesabika. Kifuniko chake kilitoka kwa skrubu chache, na ndani yake transista, koili na spika vilikaa mbalimbali, kila kimoja kikionekana kwa macho. Fundi mwenye chuma cha kulehemu kilichopashwa moto juu ya makaa aliweza kuunganisha waya uliokatika. Mafundi wengi wa redio wa zama zile hawakupita chuo chochote. Chuo chao kilikuwa redio zenyewe.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 mlango wa biashara ulifunguliwa, na baadaye vifaa viliingia kama mafuriko. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la vifaa methali hii imepata mtihani mgumu, kwa maana kibaya hujitembeza kikiwa kimevaa nguo ya kizuri. Ushahidi mkubwa ni wa Juni 2016, wakati Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipozizima katika mitandao simu zote zenye namba bandia za utambulisho. Wananchi wengi waliamka wakakuta simu walizonunua kwa fedha halali zimekuwa vipande vya plastiki. Mlango uliofungwa uliwanyima watu ujuzi. Mlango uliofunguliwa bila elimu uliwanyima fedha.

Hesabu iliyofichwa ndani ya simu

Namba hiyo ya utambulisho, iitwayo IMEI, inastahili kufika ubaoni. Mtu akibonyeza *#06# simu huonyesha tarakimu 15. Tarakimu nane za kwanza hutaja aina ya simu, sita zinazofuata ni za simu ile pekee, na ya mwisho ni ya ukaguzi. Tarakimu ya ukaguzi hupatikana kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaiweza.

Ichukuliwe namba ya mfano 490154203237518. Tarakimu ya mwisho, yaani 8, huwekwa kando. Katika zile 14 zilizosalia, kila ya pili huzidishwa kwa 2: 9 inakuwa 18, 1 inakuwa 2, 4 inakuwa 8, 0 inabaki 0, 2 inakuwa 4, 7 inakuwa 14, na 1 inakuwa 2. Pale jibu linapokuwa na tarakimu mbili, tarakimu hizo hujumlishwa: 18 inakuwa 9, na 14 inakuwa 5. Jumla ya hizo ni 9 + 2 + 8 + 0 + 4 + 5 + 2 = 30. Tarakimu ambazo hazikuzidishwa ni 4, 0, 5, 2, 3, 3 na 5, na jumla yake ni 22. Zote pamoja ni 52. Ili kufikia kumi kamili inayofuata, yaani 60, pamepungua 8. Na ndiyo tarakimu ya mwisho.

Yafaa ieleweke kwamba hesabu hii huvumbua namba iliyokosewa au kubuniwa ovyo, lakini haithibitishi kwamba simu ni halisi, kwa kuwa mwigaji aweza kunakili namba ya simu nyingine. Somo hilo nalo ni la kisayansi: kufaulu jaribio moja si kuthibitika. Mwanafunzi akilijua hilo amejifunza zaidi ya hesabu, na muuza duka hatamdanganya kwa urahisi.

Unyenyekevu wa kitochi

Wapenda vifaa wa mjini hukicheka kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe yenye taa kichwani. Wangefanya vyema kukichunguza kwanza. Simu ya Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003, iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na ni miongoni mwa vifaa vya umeme vilivyouzwa kwa wingi kupita vyote katika historia. Haikuwa na kamera wala kioo cha rangi. Ilikuwa na taa, vitufe vilivyofunikwa vumbi lisipenye, na betri iliyotoka kwa ukucha wa kidole gumba. Waliobuni simu ile walifikiria mtu anayetembea usiku mahali pasipo na taa za barabarani, katika njia ya vumbi, mbali na umeme. Kwa maneno mengine, walimfikiria mtu wa Mbinga hata kama hawakupata kulisikia jina la Mbinga.

Ufukoni mwa ziwa thamani ya habari iwahiyo ina historia yake. Mwezi wa Agosti 1914, vita vya kwanza vya dunia vilipokuwa vimeanza siku chache tu, meli ya Waingereza iitwayo Guendolen ilivuka ziwa ikaishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imevutwa nchi kavu pale Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Nahodha wa Kijerumani alikuwa hajapata habari kwamba vita vimeanza. Waingereza walikuwa wamepata simu ya maandishi. Yeye hakuwa ameipata. Mkulima wa kahawa wa leo asiyejua bei, na mvuvi asiyejua kwamba upepo unakuja, wako katika hali kama ya nahodha yule. Kwa hiyo hakuna anayesema kwamba simu ni anasa. Linaloulizwa ni simu ya namna gani.

Hapa hesabu ya nishati inasaidia. Betri ya kitochi yenye milimpea-saa 1,000 na volti 3.7 hubeba wati-saa 3.7. Betri ya simu janja yenye milimpea-saa 5,000 hubeba wati-saa 18.5, yaani mara tano. Paneli ya jua ya wati 5, jua likiwa kali, huweza kukijaza kitochi kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Simu janja itaitaka paneli hiyo kwa sehemu kubwa ya siku. Tena kitochi hukaa siku kadhaa kabla ya kuchajiwa, na simu janja mara nyingi haimalizi siku mbili. Kabla ya njia kuu ya umeme kutoka Makambako kufika Songea mwaka 2018, sehemu hizi zilitegemea jenereta za dizeli, na hata sasa si kila nyumba ya ufukoni imeunganishwa. Katika nyumba yenye paneli moja ndogo, simu janja hushindana na taa ya kusomea ya mtoto. Ushindani huo hautajwi katika tangazo lolote.

Fikira hii ya kupendelea kifaa kinyenyekevu si ya maskini peke yao. Gunpei Yokoi, mhandisi wa kampuni ya Nintendo ya Japani, alishika msimamo kwamba kifaa kizuri hujengwa kwa ufundi uliokwisha kuzoeleka na kuwa rahisi, ukitumiwa kwa namna mpya. Mwaka 1989 kampuni yake ilitoa mashine ya michezo iitwayo Game Boy. Kioo chake kilikuwa hakina rangi wala nuru yake yenyewe. Mwaka huohuo kampuni ya Atari ilitoa Lynx, yenye kioo cha rangi kinachong'aa. Lynx ilikula betri ndogo sita kwa saa chache tu. Game Boy ilikwenda na betri nne kwa zaidi ya saa kumi. Watu walichagua ile hafifu. Game Boy pamoja na ndugu yake wa rangi aliyefuata ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Kilichoonekana kuwa udhaifu ndicho kilichoshinda, kwa sababu mashine iliyokwisha betri haichezi mchezo wowote.

Michezo: mchezaji na mtunzi

Juu ya michezo ya kompyuta maneno makali zaidi ndiyo husemwa. Ni kweli kwamba mwanafunzi anayetumia fedha za daftari katika kibanda cha gemu amefanya kosa, na ni kweli kwamba michezo mingi ya leo imetungwa kwa makusudi ili mchezaji asiweze kuiacha. Lakini mchezo wenyewe si adui wa elimu. Watu wa Afrika Mashariki wana bao, lenye mashimo 32 katika safu nne na kete 64. Mchezaji hodari wa bao huhesabu mbele ya mkono wake: akitaka kutaka kete kutoka shimo hili, atafuata zamu ya kusambaza kete mpaka ya mwisho, ataona itakula au italala, kisha atafikiria jibu la mwenzake. Hiyo ni programu inayokwenda kichwani. Hakuna mzee anayesema bao linaharibu akili. Husemwa tu kwamba lisichezwe wakati wa kulima.

Tofauti kati ya bao na mchezo wa simu iko mahali pengine. Sheria za bao ziko wazi, kila mtoto aliyekaa pembeni huziona zikifanya kazi. Sheria za mchezo wa kompyuta zimefichwa. Kazi ya shule ni kuzifichua.

Mfano mmoja ni mchezo wa nyoka, uliotungwa na Taneli Armanto kwa ajili ya simu ya Nokia 6110 mwaka 1997, na ambao baadaye ulichezwa katika vitochi vya dunia nzima. Mchezaji huona nyoka akitambaa. Ndani ya simu hakuna kinachotambaa. Kuna orodha tu ya visanduku. Kwa kila hatua simu huongeza kisanduku kimoja mbele ya kichwa na kufuta kimoja mkiani; jicho hudanganyika kwamba nyoka mzima amesogea. Nyoka akila, simu huongeza kichwa lakini haifuti mkia, basi amerefuka. Kichwa kikiangukia kisanduku kilichomo tayari katika orodha, mchezo umekwisha. Sheria hizo zinatosha kuuchezea mchezo huu kwenye karatasi ya mirabaraba, penseli mkono mmoja na kifutio mkono wa pili. Darasa litakalofanya hivyo litakuwa limejifunza jinsi kompyuta inavyotunza orodha, bila ya kuwa na kompyuta.

Mfano wa pili ni Space Invaders, uliotungwa na Tomohiro Nishikado huko Japani mwaka 1978. Safu za wavamizi 55 hushuka kutoka juu, na kadiri mchezaji anavyowaangusha, waliosalia huenda mbio zaidi. Wengi walidhani huo ulikuwa ujanja wa mtunzi. Asili yake ilikuwa udhaifu wa mashine: kichakataji kilichelewa kwa sababu kilikuwa na maumbo mengi ya kuchora, na yalipopungua kilipata nafasi, mwendo ukaongezeka wenyewe. Nishikado aliona kwamba jambo hilo linanogesha mchezo, akaliacha. Mwanafunzi anayelijua hilo hatautazama mchezo kwa macho yaleyale. Ataanza kuuliza kwa nini. Anayeuliza kwa nini yu njiani kuwa mtunzi, na taifa lina haja ya watunzi kuliko lilivyo na haja ya wachezaji.

Taa za usipa na kaburi la betri

Ikiwa katika michezo kutojua kunapoteza wakati na fedha, katika ufuko wa ziwa kunapoteza zaidi ya hayo. Usipa, yaani dagaa wa Ziwa Nyasa, huvuliwa usiku kwa taa, hasa katika siku za giza, kwa kuwa mwezi ukiwaka samaki hutawanyika. Kwa miaka mingi taa hiyo ilikuwa karabai, ambayo lita moja ya mafuta ya taa huiwasha kwa muda wa saa 8 hivi. Taa za LED zinazotumia betri zimekuja kuokoa gharama hiyo, nazo ni maendeleo ya kweli: zinageuza umeme kuwa nuru kwa hasara ndogo, haziogopi upepo, na hazimtii mvuvi moshi kifuani.

Lakini taa hizo mara nyingi hutegemea betri ya gari, na hapo ndipo kifaa kinapomfunga asiyekifungua kwa hesabu. Betri ya volti 12 na ampea-saa 50 hubeba wati-saa 600. Taa ya wati 10 ikiwaka saa 10 hutumia wati-saa 100. Mvuvi atasema: nitakwenda usiku sita bila kuchaji. Kwa hesabu ya kugawanya hajakosea. Amekosea kwa sababu ya kemia. Betri ya gari imetengenezwa kutoa mkondo mkubwa kwa nukta chache za kuwasha injini, kisha ijazwe mara moja. Ikinyonywa mpaka mwisho, salfeti ya risasi hujigandisha juu ya bamba zake na kuwa ngumu, na sehemu ya uwezo wake hupotea moja kwa moja. Kanuni ya tahadhari ni kutovuka nusu. Kwa betri hiyo, maana yake ni usiku tatu, kisha ichajiwe. Anayefuata kanuni hiyo atatumia betri yake kwa muda mrefu. Asiyeifuata ataizika mapema na kulaumu duka.

Na huzikwa wapi? Hilo ndilo swali zito kuliko yote katika makala haya. Ndani ya betri ya gari mna madini ya risasi na asidi ya salfa. Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto, hata kwa kiasi kidogo, huathiri ukuaji wa ubongo wake. Betri zilizotupwa mchangani, au kuvunjwa ili risasi iyeyushwe kwa kuwekwa katika nyavu kama uzito, hupeleka sumu hiyo katika udongo na maji. Ziwa Nyasa lina kina cha mita zipatazo 700. Njia pekee ya maji yake kutoka kama mto ni Shire, upande wa kusini. Lakini sehemu kubwa ya maji yanayolitoka ziwa huondoka kwa kugeuka mvuke, na mvuke hauchukui risasi. Kinachoingia humo hukaa. Bahari husamehe mengi kwa ukubwa wake. Ziwa hili, linalowanywesha na kuwalisha watu wa Tanzania, Malawi na Msumbiji, halina pa kupeleka takataka zake. Kwa hiyo kifaa kisichofunguka ndicho pia kifaa kisichorudishika. Simu iliyogundishwa kwa gundi hutupwa nzima. Betri ambayo hakuna ajuaye kilichomo huachwa mahali popote.

Pingamizi na majibu

Hapana shaka yatatolewa mapingamizi. La kwanza ni kwamba vifaa vya sasa vimefungwa na viwanda vyenyewe, na mnunuzi wa Mbinga hana sauti kwa viwanda vya ng'ambo. Hiyo ni kweli nusu. Mnunuzi mmoja hana sauti, lakini wanunuzi wanaouliza wote swali moja, "betri inatoka?", humfundisha muuza duka aagize kitu gani safari ijayo. Soko lina masikio kwa upande wa mfuko.

Pingamizi la pili ni la hatari, na hili lisipuuzwe. Si kila kitu kifunguliwe. Kifaa kilichochomekwa katika umeme wa nyumba kisiguswe ndani na mwanafunzi. Televisheni za zamani zenye bomba la kioo huweza kubaki na maelfu ya volti hata baada ya kuzimwa. Betri ya simu isitobolewe, isikunjwe wala isichomwe moto, na iliyovimba iwekwe mbali na watu. Shule ianze na vilivyo salama: redio ya betri kavu, tochi, kitochi kilichokufa na kutolewa betri. Kujua kisichofaa kufunguliwa nako ni sehemu ya kujua.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi. Huulizwa: yanini mkulima ajue kilichomo ndani ya simu, ikiwa inampigia? Jibu liko katika miteremko ya Umatengo yenyewe. Huko watu wamelima kwa ngoro kwa zaidi ya karne moja. Nyasi hufyekwa na kupangwa katika miraba. Udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunika nyasi, likabaki shimo. Mvua ikija, maji huingia mashimoni badala ya kuporomoka na udongo. Nyasi zilizofunikwa huoza na kuwa mbolea. Maharage na mahindi hupandwa kwa zamu juu ya matuta. Wataalamu wa nchi nyingi wamekuja kujifunza ufundi huo. Nguvu yake haiko katika jembe. Iko katika jambo hili, kwamba kila familia inajua kwa nini kila nyasi imelazwa pale ilipolazwa, na kwa hiyo inaweza kuitengeneza ngoro inapobomoka bila kumngoja mtu. Ufundi unaoeleweka na wenyewe hudumu. Watu waliojenga elimu kama hiyo juu ya udongo hawawezi kuambiwa kwamba simu ni kitu kilicho juu ya akili zao.

Kazi ya mwalimu

Kwa miaka mingi somo la Fizikia limekuwa na mada ya elektroniki, na mara nyingi imefundishwa kwa michoro ubaoni, huku nusu ya darasa wamebeba transista kwa mamilioni mifukoni mwao. Hali hiyo inaweza kubadilika kwa gharama ndogo. Chama cha sayansi cha shule kinahitaji bisibisi chache, mita moja ya umeme, chuma cha kulehemu, na sanduku la vifaa vilivyokufa ambavyo kila kijiji kinavyo kwa wingi. Kwa muhula mmoja wanafunzi wanaweza kufanya mambo manne: kufungua redio ya betri na kuchora saketi yake kama wanavyoiona, kupima kila kifaa cha nyumbani kinakula wati-saa ngapi kwa siku na kugawa bei ya nishati hiyo, kukagua namba za IMEI kwa hesabu, na kucheza mchezo wa nyoka kwenye karatasi, kisha kutunga sheria ya mchezo wao wenyewe. Jambo la tano ni la wilaya zote mbili, Mbinga na Nyasa, iliyozaliwa kutoka Mbinga mwaka 2012: shule iwe mahali pa kukusanyia betri zilizokwisha, zitunzwe katika chombo kisichovuja, mpaka zipatikane njia za kuzipeleka kwa wanaozisindika upya.

Mwanafunzi aliyepita katika kazi hizo hataacha kupenda vifaa. Atavipenda zaidi, lakini kwa namna nyingine. Atakapofika dukani hatauliza kwanza kamera ina macho mangapi. Atakigeuza kifaa, ataangalia skrubu zake, atauliza juu ya betri, atapiga hesabu ya paneli ya nyumbani, ndipo atoe fedha au azirudishe mfukoni. Mwenye duka atajua kwamba mbele yake amesimama mtu anayejua anachokinunua.